Kisanduku 1, Vitu vya Muziki

Maneno yaliyosemwa na kikundi cha kazi ya uwanjani kwenye mkutano wa mwezi wa chama chetu, hapa Kolwezi. Tumeyaandika juu ya wale ambao hawakuweza kufika.

  

Tuliombwa tuzungumze juu ya fishi za familia, zile karatasi tunazozunguka nazo nyumba kwa nyumba. Tutazizungumza. Lakini tutapitia njia ya muziki, juu ya kosa moja tulilofanya sisi wenyewe. Mwishoni tuko na ombi moja, na hilo ombi si la muziki.

Munajua kazi yetu. Familia ikirudi, tunakuja na fishi. Tunaandika jina la mkubwa wa nyumba, midomo mingapi, godoro ngapi, sufuria ngapi. Tunaweka sahihi, tunaenda kwa jirani.

Kuna mama mmoja wa chama hiki, ametupa ruhusa tusimulie habari yake bila kutaja jina. Yeye na mume wake walikuwa wakiishi Musonoi. Mume alikuwa makanika wa Gécamines. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, wazee wote hapa wanakumbuka. Walitoka na mtoto mgongoni na sufuria moja, wakavuka mpaka kwenda Zambia. Walifikiri ni ya wiki mbili. Mume alizikwa kule. Mama amerudi na wajukuu wawili.

Siku ya tatu baada ya kurudi, tukiwa kwake na fishi mkononi, mwanamke mmoja alipiga hodi. Ni binti wa jirani wao wa zamani. Amebeba kisanduku cha mbao kichwani, kimefungwa ndani ya gunia la unga. Akasema: "Mama, hii ni vitu yenu. Baba alituambia musiuzishe, mwenyewe atarudi."

Jirani yule alikwisha kufa, lakini kisanduku kilikaa juu ya dari ya nyumba yake zaidi ya miaka arobaini. Nyumba ile haikuwa na mashini ya kupiga muziki, kwa hiyo hawakukichunga juu ya kujifurahisha. Walikichunga juu ni kitu cha mutu.

Mama alikaa chini, akafungua. Disiki 19, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, au wimbo mmoja uliokatwa katikati. Sisi tulitazama, tukaandika kwenye fishi: "kisanduku 1, vitu vya muziki". Kwenye safu ya thamani tukaweka sufuri, tukafunga karatasi. Hilo ndilo kosa letu.

Kiisha wiki moja, kijana mmoja anayenunua vitu vya zamani akafika kwa mama. Alitoa dola 25 kwa kisanduku chote. Mama alihitaji pesa: mjukuu alikuwa amerudishwa nyumbani juu ya pesa ya shule, na nyumba ni ya kupanga. Akatuita akauliza: "Ninyi mulisoma. Hii kitu ni ya bei gani?"

Tulinyamaza. Tuko na diploma za chuo kikuu, tumepita mafunzo mengi, lakini hatukujua. Tulikuwa tumeandika sufuri juu ya kitu ambacho hatujakisikia hata mara moja. Tukamwomba atupe wiki mbili.

Kutafuta fono ya kupiga disiki Kolwezi leo si mchezo. Tuliuliza Dilala, tukauliza Manika. Mwishoni fundi mmoja wa redio, mzee sana, akatoa fono moja chini ya meza yake. Mkanda wa mpira ulikuwa umekauka, akaweka mwingine. Sindano alikuwa na moja tu, ameifunga ndani ya karatasi ya sigara. Alitufundisha mambo ambayo wengine wenu mutayahitaji, kwa hiyo tunayasema hapa.

Disiki chafu usiifute kavu, vumbi ni mchanga, litaichora. Osha na maji safi na tone moja la sabuni laini, zungusha kitambaa kufuata mistari, usiloweshe karatasi ya katikati. Kausha kivulini. Disiki iliyopindika juu ya joto, iweke kati ya vioo viwili, weka uzito juu, na uwe na uvumilivu. Usizipange moja juu ya nyingine kama sahani za chakula, zisimamishe kama vitabu. Na sindano ikirukaruka, usiweke sarafu juu ya mkono wa fono. Sisi tulitaka kufanya hivyo, fundi akatupiga mkono. Uzito ule unalima mistari kama jembe, kesho hakuna muziki tena.

Siku ya kusikiliza, umeme ulikatika mara mbili. Uliporudi, tukaweka disiki ya kwanza, sauti ikatoka nzito kama ng'ombe mgonjwa. Tukasema, basi, zimeoza. Fundi akacheka. Tulikuwa tumeiweka kwenye mwendo wa disiki kubwa, 33, na hizi ndogo zinazunguka mara 45 kwa dakika. Akasukuma kifungo. Mara chumba kikajaa.

Ilikuwa OK Jazz, orkestra ya Franco. Gitaa tulilijua, nani hapa hajui gitaa la Franco? Waimbaji waliimba, tukatikisa vichwa. Wimbo ukakatika katikati. Fundi akageuza upande wa pili. Na pale, waimbaji wakiwa wamenyamaza, kitu kingine kikaingia. Saksofoni. Ilianza na sentensi fupi, ikairudia, ikaibadilisha kidogo mwishoni, ikairudia tena. Gitaa likaijibu. Kiisha ikapanda juu, ikakwaruza kama sauti ya mutu anayeita ng'ambo ya mto, ikashuka taratibu mpaka mahali ilipoanza. Tulikaa kimya. Mmoja wetu alisahau kwamba anarekodi kwenye telefone, akasema kwa sauti: "Huyu ni nani?" Mpaka leo sauti yake iko ndani ya rekodi.

Tukachukua disiki tukasoma karatasi ya katikati. Kuna jina la wimbo, jina la mtunzi, jina la orkestra. Basi. Aliyepuliza hakuandikwa.

Mama ndiye alitujibu. Alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, akisonga bukari. Alisema bila kuinua kichwa: "Ule? Ule ni Verckys. Muzee wangu alikuwa ananunua disiki juu yake yeye, hapana juu ya waimbaji."

Ba mama na ba papa, pengine wengi mutasema, hawa vijana walikuwa wapi? Ni kweli, hatukumjua. Kwa hiyo tulitafuta, tukasoma, tukauliza wazee, na haya ndiyo tuliyopata.

Jina lake ni Kiamuangana Mateta, kwanza aliitwa Georges. Alizaliwa Kisantu, kule Kongo ya Chini, mwaka 1944. Jina la Verckys lilitoka kwa Mmarekani mmoja mpuliza saksofoni, King Curtis. Kijana alimpenda yule Mmarekani, akachukua jina lake kwa jinsi sikio lake lilivyolisikia: Curtis likawa Verckys. Sisi ambao majina yetu yameandikwa vibaya kwenye karatasi za mipaka mingapi, tunaelewa. Ila yeye, jina lililosikika vibaya alilifanya kubwa.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 19, aliingia OK Jazz. Orkestra ile ilikuwa imeanza Léopoldville mwaka 1956, na ilikuwa tayari na mpuliza saksofoni mzuri, Isaac Musekiwa. Huyu Musekiwa hakuwa Mkongomani. Alitoka Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, akapanda kaskazini na chombo chake, akapiga kwanza na African Jazz ya Kabasele, kiisha akakaa na Franco miaka na miaka. Mgeni aliyefika kwa wengine, akapewa kiti, akafanya kazi mpaka watu wakasahau kwamba ni mgeni. Ukisikiliza disiki za miaka ile, utasikia saksofoni mbili zikitembea bega kwa bega.

Neno "jazz" lenyewe lisitudanganye. Siku zile lilikuwa na maana ya orkestra ya kisasa, yenye gitaa na vyombo vya kupuliza. Rumba ilikuwa ndani yake, cha-cha ilikuwa ndani yake. Lakini jazz ya Wamarekani weusi ilikuwa imevuka maji kweli ndani ya disiki, na vijana wa Kongo waliisikiliza na kuirudisha kwa namna yao. Verckys hakukaa darasani na King Curtis. Mwalimu wake alikuwa disiki inayozunguka. Sisi pia tumemjua Verckys kwa njia ileile.

Na alifanya nini hasa? Tueleze kwa wale wasiopiga chombo. Katika rumba, kwanza kuna kuimba, kiisha inakuja sebene, pale watu wanaposimama kucheza. Kazi ya sebene ni ya gitaa: sentensi fupi, inarudi, inarudi, inawasha miguu. Saksofoni kwa kawaida inapamba tu. Verckys aliifanya saksofoni ibebe sebene. Kupuliza sentensi moja mara kumi bila kuchosha watu ni kazi ngumu kuliko kupuliza sauti mia. Pumzi yake inajua mahali pa kukaa kimya. Tulihesabu kwenye disiki moja: anapuliza, ananyamaza, ngoma inajibu, ananyamaza tena, na wewe mwenyewe unajaza pale aliponyamaza. Ukishasikia hivyo, huwezi kurudi kumsikiliza mwimbaji peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kurekodi kwa upande wake mwenyewe, na mambo yake na Franco yakachafuka. Mwaka 1969 akatoka, akaunda orkestra yake, Vévé. Hapo muziki ukabadilika. Ngoma zikawa kali zaidi, na ukazisikia na harufu ya Marekani, ya kina James Brown. Ndani ya kisanduku cha mama kuna za Vévé tano. Wimbo wake mmoja wa miaka ile una jina la Kiswahili kabisa, Cheka Sana. Na kuna Nakomitunaka, wimbo wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake anajiuliza kwa Kilingala ngozi nyeusi ilitoka wapi, na mbona kwenye picha za kanisa malaika ni weupe na shetani ndiye mweusi. Ulizungumzwa sana wakati ule, na wazee wanaujua kwa moyo.

Lakini kitu kilichotugusa zaidi sisi watu wa chama ni hiki. Verckys hakuridhika kupuliza. Alifungua nyumba yake ya disiki, Éditions Vévé, ili kazi itoke kwa jina lake, na ili awatoe wengine. Bella Bella walipita kwake, Lipua Lipua walipita kwake, Kiam walipita kwake. Kijana mwenye kipaji bila chombo hana kitu, na chombo ni ghali. Alikuwa mfanyabiashara, hatusemi alikuwa malaika, alitafuta faida yake. Hata hivyo, mlango mmoja ukifunguliwa na mutu mmoja, wengi wanaingia. Alifariki Kinshasa mwezi wa 10 mwaka 2022. Huko Ulaya, disiki zake za zamani zilikwisha kukusanywa na kutolewa upya, mwaka 2001 na tena mwaka 2014. Sisi hapa tulikuwa tumeziandikia sufuri.

Kuna jambo dogo la kutuchekesha. Saksofoni inatengenezwa na nini? Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Adolphe Sax aliyeivumbua alizaliwa mwaka 1814 Dinant, mji wa Ubelgiji unaojulikana tangu zamani juu ya mafundi wa shaba. Sisi ni watu wa shaba. Jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997. Tunaichimba, tunaipakia, tunaitazama malori yakiipeleka Kasumbalesa. Na siku tuliyoisikia ikiimba, tuliuliza: huyu ni nani?

Sasa turudi kwa mama, maana bado alikuwa anangoja jibu.

Wengine ndani ya chama walitusema, na walikuwa na haki. "Bantu biko na njaa, ninyi munapiga muziki." Hatukuwajibu kwa maneno. Tulikaa na mama na fundi, tukazipanga disiki moja moja. Kila moja tuliandika jina la wimbo, orkestra, hali yake, na yale mama anayokumbuka: ilinunuliwa lini, nani alicheza siku ile. Tulirekodi zote kwenye telefone, ziwe kumbukumbu ya familia yake tu, si za kuuza wala kugawa, maana kazi ya muziki ina wenyewe.

Kijana mnunuzi aliporudi, hakukuta kisanduku, alikuta listi. Mama alimuuzia disiki 8 kwa dola 60, zile ambazo mume hakuzipenda sana, alisema. Pesa ile haikujenga nyumba, tusidanganyane. Mjukuu alirudi shuleni, deni la kodi ya mwezi mmoja likaisha, na disiki 11 zilibaki. Za Vévé zote tano ziko kati ya hizo. Angeweza kuziuza zote, zilikuwa mali yake, nasi tungeheshimu. Tofauti ni kwamba alichagua akijua.

Tulirekebisha fishi yake. Mahali pa "kisanduku 1, vitu vya muziki" sasa kuna mistari kumi na moja.

Tunafika kwenye ombi.

Ile karatasi ya katikati ya disiki ilitusumbua sana. Jina la orkestra, jina la mtunzi, na mpuliza saksofoni hayupo, wakati yeye ndiye unayemsikia. Kiisha tukatazama fishi zetu, tukaona ni karatasi ileile. Jina la mkubwa wa nyumba, na wengine ni namba: midomo sita, midomo nane. Tumekuwa tukiandika orkestra, hatuandiki wapigaji. Kwenye fishi ya mama huyu hatukuandika kwamba anajua kushona, wala kwamba mjukuu wake mkubwa anatengeneza telefone. Tulijifunza hayo juu ya kukaa kwake mchana mzima tukisikiliza muziki. Kuanzia mwezi huu tutaandika jina la kila mutu wa nyumba, na kitu anachojua kufanya. Itachukua muda zaidi. Mutuvumilie.

Lakini kuna mutu mwingine ambaye hayuko kwenye fishi yoyote, na yeye ndiye sababu hasa ya kusimama hapa. Ni yule mwanamke aliyeleta kisanduku. Yeye hakukimbia. Baba yake alibaki, akachunga. Kwa sheria ya chama chetu, msaada wa sanduku la dharura ni wa wenye kurudi tu, naye hakurudi kutoka popote, kwa hiyo hana haki. Mvua iliyopita bati za nyumba yake zilichukuliwa na upepo, upande uleule wa dari ambapo kisanduku kilikaa. Alikuja kuuliza. Tulimjibu kwamba hayuko kwenye listi. Tulimjibu hivyo sisi, wiki mbili baada ya kuchukua kisanduku mikononi mwake.

Ndugu zetu, nani kati yetu alirudi akakuta kiwanja kitupu kabisa? Kuna aliyekuta mtu amechunga kaburi la mama yake. Kuna aliyekuta karatasi ya shule, mwembe, cherehani. Mtu fulani alibaki nyuma akafanya kazi ile, na jina lake halikuandikwa popote.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Chama kifungue daftari moja jipya, la wale waliotuchungia vitu. Kila familia itaje jina moja. Na wale watakaoandikwa, wapewe haki ya kuomba kwenye sanduku la dharura kama sisi, kila ombi likichunguzwa kama mengine. Tunajua pesa ni kidogo, na kila jina jipya linapunguza sahani. Tulihesabu na mweka hazina: kama kila nyumba inaongeza franka 500 kwa mwezi, bati za mutu mmoja zinapatikana kabla ya mvua za mwezi wa 10. Wakubwa walete jambo hili kwenye kura ya mkutano ujao. Jina la kwanza tumekwisha kuwa nalo.

Jumamosi ijayo, saa nane mchana, fundi ataleta fono yake hapa ndani, umeme ukiruhusu. Mama atakuja na disiki zake 11. Mwenye disiki nyumbani alete, hata kama imepindika, hata kama karatasi imeliwa na mende. Tutasikiliza pamoja, tutaandika majina. Vijana, mukae karibu na wazee. Wimbo ukikatika katikati, musisimame kwenda. Ngojeni tugeuze upande wa pili.